Chembe sahani zimeshuka hadi 14: tumlindeje asivuje damu?

Swali: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26, anatibiwa saratani ya damu kwa dawa za dripu. Alimaliza dozi siku kumi zilizopita tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Jana majibu ya maabara yameonyesha chembe sahani ni 14, wakatuambia turudi kupima tena Alhamisi. Ana vidoti vyekundu miguuni, fizi zinatoa damu akipiga mswaki, na tangu asubuhi kichwa kinamuuma kidogo. Tumempa dawa ya maumivu kutoka duka la dawa la jirani. Bibi ameleta juisi ya majani ya mpapai, na mama mmoja hapa mtaani anasema apelekwe hijama atolewe damu mbaya. Kwa nini hospitali hawakumwongezea chembe sahani? Na sisi nyumbani tufanye nini asivuje damu?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote nianze na hicho kichwa. Chembe sahani ndizo chembe za damu zinazosaidia damu kuganda na kuziba tundu. Mtu mwenye chembe sahani 14 akianza kuumwa kichwa ambacho hakuwa nacho jana, hangojewi nyumbani. Mrudisheni hospitali leo, msisubiri Alhamisi. Inawezekana kabisa kichwa kimetokana na upungufu wa damu, homa, njaa au dawa zenyewe, na mara nyingi ndivyo huwa. Lakini damu kuvujia kwenye ubongo nako huweza kuanza kwa maumivu madogo, na tofauti ya hayo mawili haionekani kwa macho ya ndugu wala kwa macho yangu nikiwa huku. Akitapika, akiona ukungu, akisinzia isivyo kawaida, akiongea maneno yasiyoshikana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, msitafute hata nguo za kubadilisha, ondokeni.

Mkifika mapokezi msiseme tu "kichwa kinamuuma", maana kuna watu ishirini kwenye benchi wanaoumwa kichwa. Semeni hivi: "Ana saratani ya damu, yuko kwenye dawa, chembe sahani zilikuwa 14 jana, kichwa kimeanza leo." Maneno hayo yanamtoa kwenye foleni. Bebeni karatasi ya majibu, na bebeni pakiti ya ile dawa ya dukani.

Hiyo pakiti inanipa wasiwasi. Hukunitajia jina la dawa, kwa hiyo igeuze usome vilivyomo. Kukiwa na aspirini, ambayo huandikwa pia asidi ya asetilisalisili, au ibuprofeni, au diklofenaki, msimpe tena hata kidonge kimoja. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa bila cheti ni mchanganyiko wa dawa mbili au tatu, na jina kubwa lililo mbele ya pakiti halikuambii kitu. Aspirini ikishagusa chembe sahani huilemaza moja kwa moja, na chembe sahani huishi kama siku 7 hadi 10 tu, kwa hiyo kidonge cha leo kinazilemaza hata hizo chache alizobaki nazo kwa karibu umri wote wa chembe hizo. Ibuprofeni na diklofenaki athari yake huisha mapema zaidi, lakini zinachokonoa pia tumbo, na tumbo ni mahali pabaya pa kuvuja damu kwa sababu hamtaiona mpaka iwe nyingi. Mwenye chembe 14 zilizolemazwa na dawa hana chembe 14. Mwelezeni daktari amekunywa nini na saa ngapi.

Kwa maumivu ya kawaida atumie parasetamoli, na kwa kiasi atakachopangiwa, kwa sababu dawa za saratani nazo hupita kwenye ini. Lakini mpimeni joto kwanza kwa kipimajoto cha kwapani kabla ya kila kidonge. Parasetamoli hushusha homa, na kwa mtu ambaye pengine chembe zake nyeupe, zile za kupambana na vijidudu, nazo ziko chini, homa iliyofichwa inaweza kumuua kabla hata ya kuvuja damu. Joto likifika nyuzi 38, hiyo ni safari nyingine ya hospitali, usiku au mchana.

Sasa turudi kwenye namba. Hesabu ya kawaida ni 150 hadi 450, na kila moja inasimama kwa elfu katika tone dogo mno la damu, yaani 14 ya mdogo wako ni chembe 14,000 mahali ambapo kwa kawaida zingekuwa walau 150,000. Chembe hizi hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na dawa za saratani huupiga uboho pamoja na ugonjwa wenyewe. Siku ya kumi mpaka ya kumi na nne baada ya dawa ndicho kipindi ambacho hesabu mara nyingi huwa chini kabisa, kwa hiyo mlichokiona jana hakimaanishi kwamba matibabu yameshindwa. Kina maana kwamba wiki hii ndiyo ya kumwangalia kuliko zote.

Kwa nini hawakumwongezea? Swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1962, Gaydos, Freireich na Mantel huko Marekani walichapisha hesabu zao kuhusu wagonjwa wa lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi: kadiri chembe zilivyoshuka, ndivyo kutokwa damu kulivyoongezeka, lakini hawakuona mstari mmoja ambao juu yake ni salama na chini yake ni hatari. Hata hivyo desturi ilikua hospitalini kwamba mgonjwa akishuka chini ya 20 awekewe chembe. Ikumbukwe kwamba miaka hiyo wagonjwa walikuwa wakipewa aspirini ya kushusha homa, madhara yake kwa chembe sahani yakiwa bado hayajajulikana. Mwaka 1997 Waitalia waliwagawa wagonjwa 255 wa lukemia kali, wengine wakingojewa hadi 10 na wengine wakiwekewa kwenye 20. Kutokwa damu kwingi kulikuwa karibu sawa pande zote mbili, na kundi la 10 lilitumia chembe sahani pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Ndiyo maana leo sehemu nyingi duniani mgonjwa aliyetulia, asiye na homa wala asiyetoka damu, huongezewa akifika 10 au chini yake. Jana, akiwa na 14 na haumwi kichwa, uamuzi wa kusubiri ulikuwa na msingi.

Leo hali imebadilika. Kizingiti cha 10 ni cha kuzuia tu. Mgonjwa akishaanza kutoka damu ya kutia wasiwasi, anatibiwa kwa kuangalia damu anayotoka, hata kama karatasi inasema 14 au 30. Damu ikidhaniwa iko kwenye ubongo, madaktari hujaribu kumpandisha kuelekea 100. Kwa upasuaji mkubwa wa sehemu nyingine hutafuta 50. Akiwa na homa, wengi wetu hatungoji 10.

Jambo ambalo ningependa ndugu wote wa wagonjwa walijue ni kwamba namba peke yake haivujishi damu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa 1,272 waliowekewa chembe sahani kwa dozi ndogo, ya kati na kubwa. Dozi kubwa haikupunguza kutokwa damu kuliko dozi ndogo. Katika makundi yote matatu, karibu asilimia 70 ya wagonjwa walitoka damu. Walipoangalia siku moja moja, hesabu ilipokuwa 5 au chini, wagonjwa walitoka damu katika asilimia 25 ya siku hizo. Kati ya 6 na 80 ilikuwa asilimia 17, na ndani ya uwanda huo mpana tofauti ilikuwa ndogo. Fikiria hilo vizuri: mwenye 15 na mwenye 60 hawakupishana sana. Kilichowapambanua ni vitu vingine, na vitu hivyo vingi tunaweza kuvishika kwa mikono yetu.

Cha kwanza ni homa na maambukizi. Mwili ukipambana na vijidudu, chembe sahani hutumika haraka na kuta za mishipa midogo hulegea. Cha pili ni upungufu wa damu wenyewe. Watu hushangaa nikiuliza himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, wakati wanataka tuzungumzie chembe sahani, lakini chembe nyekundu zikiwa nyingi hutembea katikati ya mshipa na kuzisukuma chembe sahani pembeni, kama mto unavyosukuma majani kingoni, na pembeni ndipo tundu linapotokea. Damu ikipungua, hata chembe sahani zilizopo zinaelea katikati bila kazi. Wagonjwa wa utafiti ule ambao damu yao ilikuwa imeshuka sana walitoka damu zaidi. Kwa hiyo leo mkiwa hospitali ulizeni pia himoglobini yake ni ngapi. Huenda chupa ya chembe nyekundu ikamsaidia kwa namna ambayo hamkuitarajia. Cha tatu ni presha: kama ana historia ya presha kupanda, idhibitiwe. Cha nne ni dawa, nimeshazisema. Cha tano ni majeraha, na hapo ndipo nyumbani mnapoingia.

Sindano kwanza. Huku kwetu mtu akiumwa kidogo anakwenda duka la dawa anachomwa sindano ya tako, na mara nyingi ni diklofenaki. Kwa mdogo wako hilo ni kosa mara mbili: dawa mbaya, na sindano iliyozama kwenye msuli ambapo damu inaweza kuvilia ndani bila kuonekana. Asichomwe sindano ya msuli popote bila daktari wake kujua. Dawa nyingi zina njia ya mshipa au ya kidonge, hata artesuneti ya malaria kali hupitishwa kwenye mshipa. Akitolewa damu ya vipimo, mbanieni pamba mahali pale kwa dakika tano hadi kumi, mkono ukiwa umenyooka. Asikunje kiwiko akidhani anaziba.

Hijama hapana. Nasema hivi nikijua kwamba watu wengi wa Pwani wanaiheshimu na wengine wanaifanya kwa nia ya ibada. Lakini kumchanja ngozi mtu mwenye chembe 14 ni kufungua milango midogo ambayo mwili wake hauwezi kuifunga, na kila mlango huo ni njia ya vijidudu pia. Chuku kavu nayo, ile ya kunyonya bila kuchanja, inavunja mishipa midogo chini ya ngozi. Chale za mganga, vivyo hivyo. Hata kuchuliwa kwa nguvu kusitishwe mpaka hesabu ipande, na dawa za kuchua zenye harufu kali ya salisilati asipakwe mwili mzima, kwa kuwa sehemu yake hupenya ngozi na ni jamaa wa aspirini.

Juisi ya majani ya mpapai inatokana na habari za homa ya dengue, na kuna majaribio madogo, hasa ya India, yaliyoonyesha chembe kupanda upesi kidogo kwa wagonjwa wa dengue. Lakini dengue hujiponea: chembe hupanda zenyewe baada ya siku chache, na uboho wake ni mzima. Mdogo wako uboho umelazwa na dawa. Hakuna jani linaloweza kuuamsha kabla ya wakati wake. Nina hofu zaidi na ubichi wa hiyo juisi. Majani yaliyopondwa na kuchujwa kwa maji ya bomba, kwa mtu asiye na chembe nyeupe za kutosha, yanaweza kumletea kuhara na maambukizi ya damu. Mwambie bibi kwa upole na umpe kazi nyingine ambayo mgonjwa anaihitaji: uji mwororo uliopoa, mtori, supu isiyo na mifupa, papai bivu lililooshwa na kumenywa nyumbani. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye mboga havina shida. Vidonge vya dukani vya viungo hivyo na vikombe vyake vizito vya kila siku viachwe.

Mdomo unahitaji uangalizi kuliko watu wanavyodhani. Fizi zikianza kutoa damu, wengi huacha kupiga mswaki kabisa. Ndani ya siku mbili uchafu unajikusanya, fizi zinavimba, na fizi iliyovimba inavuja damu kuliko iliyosafishwa. Aendelee, ila kwa mswaki laini kabisa uliolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, na ule mswaki wa mti auweke kando kwa sasa. Siku ambazo hata mswaki laini unaleta damu, afunge shashi safi kwenye kidole na kufuta meno. Asukutue kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa, baada ya kila mlo. Asitumie vijiti vya meno wala dawa za kusukutua zenye alkoholi. Fizi zikiendelea kuchuruzika, daktari anaweza kumwandikia asidi ya traneksamiki ya kusukutua, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Ni dawa nzuri mahali pake. Msiinunue wenyewe ammeze kila siku kama kinga, kwa sababu ilipojaribiwa hivyo kwa wagonjwa wa saratani za damu haikupunguza kutokwa damu, na kwa mtu anayekojoa damu inaweza kugandisha vipande vikaziba njia ya mkojo.

Kila asubuhi mwangalieni ndani ya mashavu na juu ya ulimi kwa tochi ya simu. Vidoti vyekundu miguuni vinatuambia chembe ziko chini, jambo tunalolijua tayari. Malengelenge meusi yenye damu mdomoni ni habari nyingine. Mara nyingi ndiyo yanayotangulia kutokwa damu kwingi, na ukiyaona piga simu hospitali bila kungoja.

Pua isichokolewe wala kupengwa kwa nguvu; mafuta ya mgando kidogo ndani ya tundu yanazuia isikauke. Ikitoka damu, akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 15 mkitazama saa, bila kuachia achungulie. Kuinua kichwa juu kunapeleka damu tumboni tu, kisha atatapika damu na nyote mtachanganyikiwa. Ikipita dakika 20 bado inatoka, nendeni.

Choo kigumu ni hatari isiyosemwa kwa aibu. Kujikamua kunapandisha presha kichwani na kuchana njia ya haja kubwa. Anywe maji, ale mboga zilizopikwa na papai, na dawa ya kulainisha choo aombe mapema, hasa kama anatumia dawa kali za maumivu. Asiwekewe enema, kidonge cha njia ya haja kubwa, wala kipimajoto huko. Choo kikiwa cheusi na kinata kama lami, au chenye damu, ni hospitali. Na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa na sakafu inateleza, mmoja wenu amsindikize, taa iwashwe usiku, na avae viatu visivyoteleza hata ndani ya nyumba. Kuanguka kumoja kunaweza kuharibu kazi yote.

Hukuniuliza kuhusu hedhi, lakini ana miaka 26 na lazima niiseme. Damu ya mwezi kwa chembe 14 inaweza kuendelea kwa siku nyingi na kumshusha himoglobini haraka. Mwambieni daktari leo tarehe anayotarajia. Kuna dawa za homoni, kwa mfano norethisteroni, zinazoweza kuisimamisha kwa muda, na zinafanya kazi vizuri zikianza kabla damu haijaja. Kama imeshaanza, ahesabu pedi: akilowesha moja kwa saa, saa mbili mfululizo, hiyo ni dharura. Atumie pedi za nje tu. Kama ana mume, tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari aruhusu, na mume aelezwe sababu mbele ya daktari ili lisigeuke ugomvi wa chumbani.

Mwisho, kuhusu kuongezewa kwenyewe, kwa kuwa huenda leo wakaamua hivyo. Chembe sahani hazikai kwenye friji kama damu nyingine. Huhifadhiwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa mfululizo, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Dozi moja ya mtu mzima hukusanywa kutoka kwa wachangiaji wanne hadi sita, au mmoja akiunganishwa na mashine ya kuchuja. Ndiyo sababu benki ya damu inaweza kuwa na chupa nyingi za damu na isiwe na chembe hata mfuko mmoja. Kwa hiyo anzeni leo kutafuta watu wa kuchangia: wenye afya, na ambao hawajameza aspirini siku za karibuni. Lakini kabla kaka zake na wewe mwenyewe hamjanyoosha mkono, muulizeni daktari kama kuna mpango wa kumpandikiza uboho. Kama upo, ndugu wa tumbo moja wasichangie damu itakayomwingia yeye, kwa sababu mwili wake unaweza kuwazoea vibaya na kuja kuukataa uboho wao. Wachangie marafiki, majirani, watu wa msikitini au kanisani.

Akiwa na kundi la damu lenye Rh hasi, mkumbusheni muuguzi kabla mfuko haujatundikwa. Kwa msichana ambaye anaweza kuja kuzaa, chembe za mtu wa Rh chanya zikilazimika kutumika kuna sindano ya kinga, na hupendelewa itolewe ndani ya saa 72. Kisha waombe wampime tena muda mfupi baada ya mfuko kuisha, kati ya dakika kumi na saa moja. Kama hesabu haikupanda kabisa, kuna sababu ya kutafutwa: homa, bandama kubwa, au kingamwili zinazoziharibu chembe za wengine, na kuongeza mifuko mingine ya aina ileile haitasaidia.

Nendeni sasa. Nitumieni majibu ya himoglobini na jina la ile dawa ya dukani mkishaonwa.